Unga wa Mosi

Mti wa machila ulikuwa umemchubua Dadi bega tangu walipoanza kupanda mlima, lakini leo hakutaka kubadilishana na mwenzake. Aliye mbele ndiye hutangulia kuliona bwawa.

Ndani ya machila alikaa bibi wa Kijerumani, mgeni wa mwenye shamba. Tangu ukuta wa bwawa umalizike, ilikuwa lazima kila mgeni wa shambani apelekwe huko kutembea, na wabebaji walikuwa Dadi na Alois. Wageni walisifu ukuta, wakasifu maji. Dadi hakuwahi kuyasifu. Chini ya maji yale alilala mama yake, Mosi.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Wapimaji walipokuja, nyapara Hatibu aliuliza kama kuna makaburi, yahamishwe. Kaburi la ukoo halionyeshwi mgeni bila ruhusa ya mjomba, na mjomba alikuwa amekwenda Mlali. Dadi akajibu kwamba hakuna. Mjomba alikawia huko, na aliporudi ukuta ulikuwa umekwisha na bonde limeshajaa maji.

Asubuhi ile dada yake alikuwa amemfungia unga wa mtama wa kumtambikia mama kwenye pindo la shuka. "Mwite kwa sauti, Dadi," alimwambia. "Asipoitwa hatajua unga ni wake. Masika mawili sasa hajaitwa."

Kiangazi kilikuwa kimeyapunguza maji, na katikati ya bwawa kilele cha mkuyu wa kaburini kilikuwa kimejitokeza, kikavu. Yule bibi alipokiona alitaka kujua habari zake, na Hatibu, aliyefuatana nao, akamgeukia Dadi.

"Wewe ndiye wa huku. Mti gani ule?"

Dadi alifungua kinywa. Angesema kweli, angeulizwa mbona siku ile alidanganya, na aliyedanganywa alikuwa amesimama mbele yake, kiboko mkononi.

"Mkuyu tu, bwana."

Yule bibi alipokaa kula, Dadi alichutama ukingoni, akafungua pindo na kumwaga unga. Lakini jina hakuliita. Unga ulitanda juu ya maji, kisha vijisamaki vikaja vikaudonoa mpaka ukaisha. Yule bibi alicheka kwa furaha, akamega mkate wake, akavitupia na yeye. Dadi alisikia uchungu kuliko siku ya mazishi.

Jua lilipopungua ukali wakainua machila. Kwa desturi yao, wa mbele huanzisha wimbo na wa nyuma humwitikia. Lakini Dadi alikwenda kimya mwendo mrefu, hata Alois akamuuliza kama anaumwa.

"Niitikie tu, ndugu yangu," Dadi alisema.

Akaimba jina la mama yake. Alois alikuwa mtu wa misheni, hakumjua Mosi, lakini aliitikia kwa sauti yake nzito, Mosi, ee Mosi, na yule bibi akawa anaufuata wimbo kwa kugongagonga kidole kwenye mti wa machila. Wakateremka hivyo, bwawa likiwa nyuma yao, na kila walivyozidi kuliacha, Dadi alizidi kupaza sauti.