Misa ya Mashavu Yangu

Kwetu Mutarule, mtu akinenepa amepona, hakuna haja ya daktari kuthibitisha. Mashavu yangu yalikuwa yamejaa hata macho yakaanza kukosa nafasi. Kwa hiyo mama yangu, Ninahazwe, alikuwa ameshampelekea padri nia: Jumapili, misa ya shukrani kwa uponyaji wa Protais. Kijiji kizima kingekuja kushukuru kwa ajili ya utumbo wangu.

Tumbo lenyewe lilikuwa limetulia. Kuhara damu, kulikonitoa shuleni Uvira, kulikoma nilipoanza vidonge vya prednisone. Sasa nilitaka kuviacha, nirudi darasani. Dokta Annie akakataa. Ndiye aliyenifuatilia tangu kipimo cha kamera kilipoonyesha kwamba si amiba bali ni utumbo unaojivimbisha wenyewe. Alitaka kwanza autazame kwa eko, ile mashine ya kupiga picha ya ndani ya tumbo.

Huku eko ni mambo ya wajawazito. Nikakaa kwenye benchi la hospitali katikati yao, na njaa yangu, maana nilikatazwa kula. Mama mmoja alinitazama mashavu, akashuka hadi tumboni.

“Weye, yako iko ya miezi ngapi?”

Nilimjibu kwamba miezi naijua, ila baba wa mtoto ndiye ananikimbia. Benchi lote likacheka.

Ndani, dokta alinipaka jeli baridi, akasukuma kile kifaa taratibu chini ya kitovu, upande wa kulia. Akakituliza mahali pamoja, akapima, kisha akanigeuzia skrini. Ukuta wa utumbo ulikuwa mnene kama mkanda wa askari. Pembeni akanionyesha sehemu isiyo na ugonjwa: nyembamba.

“Mashavu ni kazi ya vidonge,” akasema. “Ugonjwa bado uko palepale.”

Nilitamani kubishana, lakini utabishana vipi na utumbo wako mwenyewe? Akanieleza: prednisone tutaipunguza kidogo kidogo, tutaanza dawa nyingine inayofanya kazi polepole, na eko itarudiwa. Ukuta usipopungua, dawa itabadilishwa tena. Shuleni nirudi, vidonge vikiwa mfukoni. Nikakubali.

Nikampigia mama, nikamweleza. Alikuwa ameshaarifu kwaya.

“Mama, misa ibakie,” nikamwambia. “Ubadirishe tu nia: minye naomba nguvu ya kuendelea. Ya shukrani tutafanya siku eko itakubali.”

Akauliza hayo mashavu yatakuwaje. Nikamwambia yataisha, kadiri ile prednisone itakavyopungua.

“Na watu nitawaambia nini, wakiona unakonda?”

“Waambie ndiyo napona.”