Chokaa ya Ukuta wa Nyuma

Msiniambie nilitaka sifa. Mimi Ketrina, mjumbe wa kamati ya shule, nilitaka tusiaibike, basi. Tuliposikia mtaalamu anakuja kupiga picha madarasa yetu hapa kijijini Ruanda, nikawaita kina mama wenzangu. Mgeni apokelewe na uchafu? Hata! Tukaziba nyufa za darasa la nne kwa saruji, tukapaka chokaa, ukuta wa nyuma ukang'aa kama sahani ya wageni. Picha zilikuwa za kazi gani, hakuna aliyeuliza.

Gasper, huyo mtaalamu, akarusha droni yake. Ikazunguka jengo ikivuma, watoto wakashangilia. Alituambia kompyuta yake imefundishwa kwa maelfu ya picha za nyufa, kwamba inauona hata ufa mwembamba kama unywele.

"Mama, jengo zuri. Mmekarabati?"

"Tumekarabati, mwanangu," nikajibu, kichwa kimevimba.

Baada ya wiki mbili mwalimu mkuu, Mwalimu Joshua, akatusomea barua mkutanoni. Majengo yaliyokutwa na nyufa yatabomolewa na kujengwa upya. Letu limeandikwa salama. Watu wakapiga makofi, mjinga mmoja akapiga na vigelegele. Mimi nikazikumbuka nyufa tulizoziba.

Nikampigia Gasper. Akarudi, Mungu ambariki. Nikakwangua chokaa kwa panga mbele yake. Saruji ikadondoka, kidole changu kikazama chote ufani.

Akaupiga picha kwa simu. "Nitaandika, mama. Lakini orodha imeshafungwa. Awamu nyingine ni baada ya miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Na huu ukuta utaisubiri hiyo awamu?"

Akaupiga picha ya pili. Sikumlaumu. Mashine yake ilisoma tulichoiandikia.

Nikaenda hadi shule ya Mlowo kumtafutia mwanangu Ombeni nafasi ya darasa la nne, wakasema wamejaa. Nikambembeleza Mwalimu Joshua ahamishe darasa la nne. Akanionyesha la tano na la sita wanavyopokezana chumba kimoja. Usiku silali. Nawaza mikono yangu tu, ilivyokuwa ikipaka huku naimba, jamani!

Jumatatu nikamfunga Ombeni vifungo vya sweta. "Leo ukakae karibu na mlango. Usikubali pengine."

"Haiwezekani, mama. Mwalimu ametupanga kwa urefu. Wafupi ndio wanakaa mbele, mlangoni. Sisi warefu tunaegemea ukuta wa nyuma."