Jina Ukutani

Kila asubuhi, kabla ya kengele, watoto wa Kimasai wa mabomani waliingia uwanjani kwa mstari mmoja, vumbi limewapanda hadi magotini. Kila mmoja alimpitia Mwalimu Yusta mlangoni mwa darasa lake na kumwinamishia kichwa, naye akawagusa utosini kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine. Yusta alipofika Kwamadule akitokea chuoni hakujua afanye nini na vichwa vile. Kwao Masuguru, mjini Korogwe, mtoto husema shikamoo akapita zake. Siku ya kwanza alisimama tu, mikono imening'inia, watoto nao wameinama wanangoja, mpaka msichana mmoja wa darasa la sita akamwambia taratibu, "Gusa, mwalimu. Usipogusa hatuinuki."

Msichana huyo aliitwa Nemayian.

Tangu hapo Yusta aliipenda salamu ile kuliko kitu chochote pale shuleni. Alikuwa mtu wa haya, maneno yalimpotea mbele ya watu wazima, lakini kiganja hakikuhitaji maneno.

Jumatatu ile alisimama mlangoni kama kawaida. Watoto wa kijijini waliingia wakikimbizana. Kengele ikalia. Hakuna kichwa kilichoinama mbele yake. Alitazama njia ya mbugani, ilikuwa nyeupe na tupu mpaka kule inakozamia korongoni.

"Sinyati yuko wapi?" aliuliza alipoingia darasani na kukuta madawati ya nyuma hayana mtu.

"Hawaji, mwalimu," alijibu Maryamu, binti wa mwenye duka. "Wote wamekatazwa. Wanasema bweni limewashinda."

"Limewashindaje, na hawajalala humo hata siku moja?"

Darasa zima likageuka kutazama dirishani, ambako bweni jipya lilikuwa linang'aa kwa bati na rangi.

Bweni lile lilijengwa kwa sababu ya Nemayian. Masika iliyopita mvua ilinyesha mbali, juu ya milima ya Nguu, na korongo likajaa ghafla wakati watoto wanarudi nyumbani. Nemayian alikuwa amekwisha kumvusha mdogo wake, Sinyati, akarudi kumchukua mtoto mwingine. Maji yakamsomba. Baada ya mazishi kijiji kilikaa, kikaapa kwamba mtoto hatavuka tena korongo lile wakati wa masika. Atalala shuleni mpaka maji yapungue. Wazigua wa kijijini wakafyatua tofali, wanawake wakasomba maji na mchanga, Wamasai wakaleta nguzo na kuchinja ng'ombe wa kuwalisha mafundi. Hakuna aliyekumbuka kazi nyingine iliyowahi kuwakutanisha hivyo.

Yusta ndiye aliyependekeza jina. Hakusimama mkutanoni, asingethubutu. Alimnong'oneza Mwalimu Mkuu ofisini, Mwalimu Mkuu akalipeleka kwenye mkutano wa kijiji, likapita kwa makofi. Wazee wa mabomani hawakupiga makofi wala hawakukataa. Walitazama chini, watu wakadhani ni huzuni. Ijumaa, fundi Ukasha akapanda ngazi na kuandika chini ya paa, kwa herufi nyekundu: BWENI LA NEMAYIAN. Siku hiyo hiyo Yusta aliwapanga watoto wa darasa la kwanza mbele ya ukuta, wakalisoma kwa pamoja, kwa sauti, tena na tena, naye akasikia kifua chake kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Na sasa wenyewe hawaji.

Jioni mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, alifika shuleni akisukuma baiskeli.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti yangu. Nimetoka kwa Salaash, baba wa yule marehemu. Nimenyweshwa maziwa mpaka nikaogopa kupanda baiskeli. Nimesikia habari za ng'ombe, habari za majani, habari za kupe. Nikauliza, na watoto je? Akasema rangi ya bweni haifai."

"Rangi?" alishangaa Mwalimu Mkuu.

"Rangi. Nikamuuliza, mzee mwenzangu, ipi inafaa? Akasema, hata bila rangi ni sawa." Mhina akatikisa kichwa. "Nimewaza njia nzima. Ile nyekundu ni kama damu. Mtoto amekufa, sisi tunaandika kwa damu! Kosa letu."

Basi Ukasha akaitwa tena. Fundi huyo alizijua kuta zote za maduka kuanzia Old Korogwe mpaka Handeni mjini, na hakupenda kuambiwa rangi yake haifai. Akakwangua nyekundu, akaandika kwa buluu, herufi kubwa kuliko za mwanzo, akaongeza ua kila upande bila kuombwa.

"Sasa hata asiye na miwani atasoma akiwa barabarani," alisema, akirudi nyuma kujitazamia kazi yake.

Kesho yake njia ya mbugani ilibaki tupu vilevile. Juu ya Nguu mawingu yalianza kukaa. Kila mtu alijua maana yake: mvua ikiwahi kabla watoto hawajaingia bwenini, ama watakaa nyumbani masika nzima, ama siku moja mmoja wao ataishiwa subira na kuingia majini. Yusta alimjua Sinyati. Angeingia.

Alhamisi baada ya masomo alikwenda mwenyewe. Alivuka korongo, mchanga wake mkavu na mlaini kama unga, akajilazimisha asitazame upande wa juu.

Salaash alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba. Mkewe, Nkoile, alikuwa mlangoni anamimina maziwa kutoka kwenye kibuyu. Yusta alikuwa amejizoeza salamu yake njia nzima.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama Nemayian."

Marahaba haikuja. Mkono wa Nkoile ulisimama na kibuyu, kisha yule mama akageuka akatazama langoni, upesi, kama mtu aliyesikia nyayo. Hapakuwa na mtu. Salaash aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda kwa ndama.

Yusta alijua amekosea, ila hakujua wapi. Kwa kubabaika akamgeukia mtoto mdogo aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni, binti wa ndugu yake Salaash, ambaye naye aliitwa jina lile lile. Alikuwa darasa la kwanza. Tangu msiba, jina lake likisomwa asubuhi haitiki, na walimu walidhani ni ukaidi.

"Nemayian mdogo, hujambo?"

Mtoto akatazama nyuma yake, kuona ni nani anayeitwa. Na Nkoile akageuka tena kulitazama lango.

Yusta alipewa maziwa, akayanywa. Alikaribishwa vizuri, akasindikizwa vizuri. Hakuna aliyetaja bweni. Sinyati ndiye aliyemtoa hadi korongoni, akitembea mbele yake mpaka nyumba zikapotea.

"Mwalimu, yule mtoto sasa ni Naserian."

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi. Wazee walimpa jina jingine. Lile la kwanza limekwenda na mwenyewe." Sinyati alichora mchangani kwa kidole cha mguu. "Halitajwi. Ukilitaja unamwita, na yeye hawezi kuja. Yeyo anaumia sana."

Yeyo ni mama. Neno hilo Yusta alilijua.

"Kwa nini baba hakumwambia mwenyekiti?"

Sinyati alimtazama kama mwanafunzi anayemwonea mwalimu huruma. "Angemwambiaje? Angeulizwa, jina gani?"

Yusta alirudi peke yake, machozi yakimtoka bila sauti. Jina lake yeye lilikuwa la bibi yake, mama wa mama, aliyezeeka kwenye kambi za mkonge. Kwao marehemu hutajwa kanisani, hutajwa mezani, hupewa mtoto anayezaliwa. Kutomtaja ni kumtupa. Alidhani anamhifadhi Nemayian. Kumbe kila walipolisoma jina lile, kuna mtu alikuwa anageuka.

Jumamosi kijiji kilikutana mbele ya bweni. Mwalimu Mkuu alikuwa na wasiwasi, kwani mgeni rasmi wa kufungua bweni alikuwa amekwisha kualikwa. Wanaume wa mabomani walikaa upande mmoja wameegemea fimbo zao, Salaash katikati yao, na wake zao nyuma. Upande wa pili maneno yalikuwa mengi.

"Tumefyatua tofali mpaka mikono imechubuka," alisema Edna, mwenye mgahawa. "Tumempa mtoto wao heshima ambayo hata wa kwetu hajapewa. Leo rangi, kesho watasema paa limeinama! Kama hawataki, waseme, tuweke mahindi humo."

Watu wakacheka, na kicheko hakikuwa kizuri. Yusta aliona Salaash ameinama zaidi. Akaona pia kwamba wakitawanyika hivyo, basi imekwisha. Akasimama.

"Naomba ile nyumba ibaki bila jina," alisema.

"Sauti, mwalimu!" alipaza mtu. "Hapa siyo wodini!"

"Naomba jina lifutwe." Safari hii walisikia, minong'ono ikapanda. Aliendelea haraka kabla moyo haujamsaliti. "Rangi haina kosa. Kwa hawa wenzetu, mtu akishazikwa jina lake halitamkwi tena. Mwenye jina kama lake hupewa jingine. Sisi tumeliandika ukutani, na watoto wanalisoma kwa sauti, na mama yake anapita hapa kwenda kisimani. Aliyetaka heshima hii ni mimi. Jina lilitoka kwangu. Nyumba wanaitaka. Watoto wanaitaka."

Aliketi, uso unawaka. Mzee Mhina alivua kofia yake.

"Salaash, ndugu yangu. Ni kweli?"

"Mwalimu amesema," alijibu Salaash.

"Sasa si ungeniambia siku ile? Nimekunywa maziwa yako karibu debe zima!"

"Nilikuambia. Nilisema hata bila rangi ni sawa."

Kuna waliocheka, taratibu, na safari hii hata fimbo za upande ule zilitikisika kidogo. Mhina hakucheka. Alitazama ukuta, midomo yake ikachezacheza, akaonekana anahesabu ni mara ngapi yeye mwenyewe alilitamka jina lile mbele ya baba mtu.

"Ukasha!"

"Naam, mwenyekiti."

"Chokaa. Ukuta wote."

"Na maua?" aliuliza Ukasha kwa unyonge.

"Na maua."

Edna alikuwa wa kwanza kwenda kuchota maji ya kukorogea.

Yusta alitazama brashi ikipita juu ya herufi. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Ilipofunikwa herufi ya mwisho, aliondoka akaenda kukaa darasani peke yake.

Jumatatu mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mabegani mwa milima, na upepo ulinukia mvua. Alisimama mlangoni. Mstari ulitokea korongoni kidogo kidogo: fimbo, mashuka, magodoro vichwani. Walimfikia, wakaweka mizigo chini, wakainama. Aliwagusa wote. Kwa yule mdogo alisema, "Karibu, Naserian," na mtoto akaitika kwa nguvu mpaka wengine wakacheka.

Nkoile alikuja wa mwisho, amebeba sanduku la bati la Sinyati. Alilitua chini akasimama kuutazama ukuta mweupe. Yusta alisogea karibu yake.

"Nilikuwa napita kwenda kisimani," alisema Nkoile bila kumtazama. "Wanasoma wote pamoja, na mimi nageuka. Najua hayupo, na nageuka." Akamgeukia. "Ulikuwa na nini, mwalimu, ukaandika?"

Angeweza kusema ni kijiji. Angeweza kusema ni mkutano, ni heshima, ni desturi ya kwao. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya sanduku la bati, likalia.

"Mama Sinyati," alisema Yusta, "siku ya mazishi nilikaa nyuma ya walimu wenzangu. Nilitaka kukupa pole nikashindwa kufungua mdomo, nikaenda kuandika ukutani. Nilichotaka kusema ni kwamba nilimpenda mwanao. Nampenda mpaka leo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwagusa watoto kichwani."