Maharage kwa Mzee Simoni

Daktari Damari alisoma mpaka ng'ambo. Utafiti wake juu ya rangi, elimu na imani ndio uliompa jina: alihoji wanafunzi weusi kwenye makanisa ya Wazungu, akarudi akazunguka Iramba na Ikungi kuuliza Waislamu na Wakristo wanakaaje nyumba moja. Kila mlango alibisha hodi, wa baba yake tu ndio uliomshinda. Tangu aolewe na Miraji na kusilimu, Mzee Simoni, mwinjilisti mstaafu anayeishi peke yake Misigiri, hakukanyaga kwake. Na nyama iliyochinjwa na Mwislamu, aliapa haitapita kooni mwake. Usomi wote ule, na baba mzazi humpati! Ilimuuma, tusidanganyane.

Basi Jumamosi moja mzee akapiga simu kwamba anakuja Ikungi kumwona mjukuu. Damari akahangaika jikoni tangu asubuhi. Kumpikia nyama ni kumtafutia hasira. Kumwita Mkristo aje achinje ni kumdhalilisha Miraji nyumbani kwake. Akafikiri kisomi, akaamua: ugali wa uwele, mlenda na maharage. Hapo hakuna wa kununa.

Mzee akafika, akapokea shikamoo zake, akampakata mjukuu, akanawa. Akafunua bakuli. Kisha akauliza kama huku Ikungi kuku wote wamekufa kwa kideri. Singida nzima inajulikana kwa kuku, halafu yeye, baba wa mwenye nyumba, anawekewa maharage? Damari akajieleza huku maneno yakimgongana: hakutaka kumkwaza, aliheshimu kiapo chake.

"Watu wote unawauliza, mama," mzee akasema taratibu. "Mimi mbona hukuniuliza?"

Kweli, miaka yote hiyo Damari alikuwa anamwogopa tu, na woga ule akauita heshima.

Mzee akainuka, akaenda barazani alikoacha kapu lake, akarudi na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Hakumpa binti yake. Alimnyooshea Miraji, ambaye alikuwa amesimama ukutani hajui aangalie wapi.

"Chinja, mwanangu," akamwambia. "Chinja unavyochinja wewe. Nimechoka kula peke yangu."

Miraji akampokea jogoo kwa mikono miwili. Damari akakimbilia jikoni kubandika maji ya kunyonyolea, na huko ndiko alikolia.