Masale ya Mzee Sirili

Wenseslaus alikuwa mchora ramani mwenye diploma ya ujenzi, futi ya chuma kiunoni na mdomo usiojua likizo. Miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa na vioo vya kutoka nje vikajaa madukani Moshi mjini, kila mwenye mtoto Dar alitaka nyumba inayong'aa. Yeye aliwaambia, "Jengeni tu. Jua la saa nane likiingia humo mtaiva kama maandazi."

Kwa Mama Mektrida, pale Rau, hakwenda na mizaha mingi. Nyumba ile ya tofali za kuchoma aliijua tangu anavaa kaptula. Enzi hizo ukipita Jumapili baada ya misa unakutana na harufu ya kahawa inayokaangwa, na mumewe, Mzee Sirili, yuko barazani anagombana na redio kana kwamba itamjibu. Sasa mzee alikuwa amelala kaburini Kilema, kwenye kihamba, shamba la ukoo, na mama amebaki na ng'ombe mmoja na vyumba viwili vinavyovuja.

Mwanawe Julius, aliyekuwa anaishi Dar, alitaka waongeze nyumba kwa nyuma, wajukuu wakija Krismasi wapate pa kulala. Wenseslaus akachora. Upepo wa mlimani uingie huku utokee kule, paa litokeze mbele lizuie jua, maji ya mvua yashukie kwenye tangi, samadi itoe gesi ya kupikia. Tofali za jiko la zamani zitumike tena. Ramani ilikuwa nzuri, ila nyembamba.

Julius akaitandaza mezani, akaigeuza, akaigeuza tena. "Kaka Wense, hii nyumba au behewa la treni?"

"Ningefanyaje? Mpaka wenu uko karibu."

"Mpaka gani? Kiwanja kinafika kule kwenye michongoma!"

Wenseslaus akachungulia dirishani. Katikati ya uwanja ulisimama mstari wa masale, mimea ya majani marefu, imempita mtu kwa urefu. Sasa Mchagga gani akiona masale yamejipanga mstari atauliza maswali? Kule juu mlimani ndiyo mpaka wenyewe, ukiyagusa umegusa ukoo wa watu. Siku ya kupima alifika, akayaona, akapimia hapo hapo, hata jiwe la upimaji hakulitafuta.

"Diploma nzima," alisema, "imeangushwa na majani."

"Basi rahisi. Tunayang'oa."

Mama Mektrida alikuwa anamenya ndizi za mtori. Kisu kikasimama. "Ukiyang'oa hayo, mimi napanda Kilema leo leo na sirudi. Utakaa wewe na vyumba vyako."

"Mama, ni majani tu!"

"Haya, Mchagga wa Dar." Akaendelea kumenya.

Julius akatoka amefura. Wenseslaus akavuta kigoda. "Mama, nikikosea ramani nafuta. Nikikukosea wewe sina kifutio. Niambie, yana nini?"

Mama akacheka kwa pua, akamwongoza nje.

"Baba Julius alikuwa mwepesi wa kukosa na mwepesi wa kuomba msamaha. Wenzake wakiomba msamaha wanaleta jani moja la isale, ndiyo mila yetu. Yeye analeta tawi zima, eti makosa yake hayaenei kwenye jani. Nikishapokea nitalitupa? Nikawa nachomeka hapa, yakashika." Akagusa la kwanza. "Hili, najifungua Julius, yeye yuko kwenye pombe ya mbege na shemeji zake. Hili, alichinjia wageni beberu wangu akasema ameibwa. Ngozi nikaikuta darini."

Wenseslaus alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaanza kupima uwanja upya kwa macho.

"Mama, vyumba tuviweke ng'ambo. Masale yabaki katikati, uwanja wazi ndani ya nyumba, mwanga na hewa vipite hapo. Ukiamka unayaona. Ila lazima pawe na ujia wenye paa, usinyeshewe ukivuka. Na ujia huo utakula isale moja. Uchague wewe."

Julius alikuwa amerudi, amesimama kwenye kona ya nyumba.

Mama akatembea na mstari taratibu, mkono ukipita kwenye majani. Akaenda mpaka mwisho, akarudi, akasimama.

"Hili."

"Hilo lilikuwa kosa gani?" Julius aliuliza.

"Bibi yako, mama yangu mimi, aliugua kule Kibosho, baba yako akanificha. Nilikuwa na mimba ya mdogo wako, inasumbua, na barabara imeharibika kwa mvua. Akaogopa. Nafika, wameshazika." Akalitazama lile shina. "Alileta hili analia. Mkono ukapokea, moyo ukakataa. Amekufa anajua nilimsamehe."

Ng'ombe alipiga kwato bandani.

"Kwa hiyo tulitupe, mama?" Julius aliuliza kwa sauti ndogo.

"Litupwe? Lichimbe na mizizi yake. Kesho unanipandisha Kilema, nikalipande kaburini kwake. Zamu hii anayeomba ni mimi."

Julius akaenda kutafuta jembe. Wenseslaus akapiga goti, akanyoosha futi kupima upana wa ujia, akaisoma, akairudia, maana namba zilikuwa zinacheza cheza machoni.

"Pima vizuri, mwanangu," mama alimwambia. "Usinitolee na mengine. Hayo nilimsamehe kweli."