Taa Iliyofunikwa Uso

Jana usiku niliota taa ya gari langu inakohoa.

Sikushangaa, maana nilikuwa nimeifunika mwenyewe kwa utepe mweusi. Ni ile taa nyekundu ya maji ya rejeta. Sisi tunakaa Ruaha Mbuyuni, na kila tulipopanda mlima Kitonga iliwaka. Tukifika juu, inazima. Fundi Kihwele alichungulia uvunguni asione hata tone. "Hiyo inadanganya," akasema. "Izibe, uendeshe kwa amani." Nikaiziba. Lakini leo asubuhi nilikuwa na safari ya kumpeleka mama mkwe Iringa akatolewe mtoto wa jicho. Zamu yake tumeisubiri mwaka mzima. Gari likichemka katikati ya Kitonga, zamu imepita, na jicho lililobaki nalo linafifia. Nililala na hofu hiyo.

Basi naona nimekaa juu ya dashibodi, miguu inaning'inia. Taa inakohoa chini ya utepe.

"Pole," naiambia.

"Kwenu nani hufunikwa uso?"

"Maiti."

"Mimi nimekufa?"

Nabandua utepe na kuiomba radhi. Inaipokea kwa adabu.

"Mbona unawaka na kuzima?"

"Kwenye tambarare maji yananifikia. Mlimani yanakimbilia upande wa pili, naachwa mkavu, nalia. Yakirudi, nanyamaza. Hapo uongo uko wapi?"

Kumbe maji yanapungua kidogo kidogo.

"Yanakwenda wapi?"

"Kaulize msibani."

Dashibodi inakuwa kona ya Kitonga. Jamvi limetandikwa katikati ya lami, na malori yanapita pembeni polepole, kwa heshima. Injini imelazwa hapo, inafuka mvuke. Mipira ya rejeta imeketi kuizunguka, inasikitika. Nyumba hakuna, lakini mlango upo, na mlangoni ameketi Kifuniko cha rejeta, msimamizi wa msiba.

"Nimekuja kuangalia maji," namwambia.

"Nimeandikwa nini kichwani?"

Nasoma. "Usifungue injini ikiwa ya moto."

"Basi kaa."

Nakaa. Chai inaletwa, inapoa, inaondolewa. Namwambia nina mgonjwa, nina safari. Ananijibu kwamba wote waliowahi kuungua uso walikuwa na safari. Nina haraka, lakini nakaa, maana mwenye msiba ndiye mwenye amri.

Hatimaye Kifuniko anasimama, anajizungusha mwenyewe. "Imepoa. Pita."

Ndani ni gari langu. Kwenye kiti cha mbele amekaa mama mkwe, ametulia, kitenge magotini. Maji ya kijani yamemfika vifundoni. Juu ya miguu yake Hita, kile kidude cha kupasha joto kinachojificha nyuma ya dashibodi, inadondosha tone moja moja, kimyakimya kama mtu anayeiba sukari.

Nageuza uso haraka. Kwetu mkwe hatazamwi miguu.

"Tangu lini?" naiuliza Hita, huku nikitazama dirishani.

"Tangu mlipompeleka kliniki."

"Mbona hukusema?"

"Mimi husemea miguuni. Mwenye miguu ndiye wa kusema."

Mama mkwe anatazama mbele, hasemi. Mimi natazama dirishani, siulizi. Maji yanamfika magotini, nasi tunaheshimiana tu.

Niliamka kumekucha. Nje, kwenye kamba, mke wangu Skolastika alikuwa ameanika nguo, na nyuma ya khanga zake, mahali pa kufichia, zilining'inia soksi za mama yake. Zilikuwa zimefuliwa, lakini kwenye nyayo palibaki waa la kijani. Nikatazama huku na huku, nikafanya jambo ambalo mkwe akionekana analifanya anaitiwa kikao cha ukoo: nikazinusa. Zilinukia utamu ule wa kulanti, maji ya kijani ya rejeta.

Nikampigia simu Kihwele. Alipoinua zulia la mbele, lilikuwa linachuruzika. Aliguna, akaiondoa hita kwenye mzunguko, akaunganisha mipira yake, akajaza maji hadi kwenye mstari. Taa ikawaka tulipowasha gari, ikazima, kama inavyotakiwa.

Mama mkwe akaja akishikwa mkono na Skolastika. Kabla ya kuingia, alitoa nailoni kwapani, akaanza kuitandika kwenye kiti, akiilainisha kwa viganja.

Nilisimama nikitazama chini. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza neno zaidi ya hali yake.

"Mama, nisamehe. Safari ile ya kliniki, miguu yako ililowa?"

Mikono yake ikatulia juu ya nailoni. Akageuka kuitafuta sauti yangu.

"Ililowa, baba."

"Ni gari, mama. Lilikuwa linavuja. Mbona hukutuambia?"

"Gari?" Akaiachia nailoni. "Nilidhani ninayevuja ni mimi. Nikaacha kunywa maji."