Maji ya Jua

Kabemba hakuwa bahili, jamani. Alikuwa mtu wa hesabu. Karani wa ghala anayeshinda akihesabu misumari ya watu kule mgodini Mashamba, akirudi nyumbani atahesabu nini kama si umeme? Juni, baridi ilipoingia Kolwezi na mita ikaanza kula pesa, alitangaza sheria: resho, lile jiko la umeme la sahani moja, halitachemsha tena maji ya kuoga. Ili asibishane na mkewe Simone, waya wa resho aliutia kwenye mkoba, akawa anakwenda nao kazini.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alipaka mabidoni matatu, yale madumu ya plastiki, rangi nyeusi, akayapandisha juu ya bati yaote jua. Jioni akirudi alijimwagia maji vuguvugu, akatoka bafuni akiimba.

"Unaona, mama? Jua ni ya bure!" alimwambia mama yake. Pesa alizookoa alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

Mama Ernestine alikuwa amekuja kutoka Musumba tangu Pasaka, baada ya kufiwa na mumewe. Ndugu walipouliza nani atamchukua, Kabemba alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Kwangu hatakosa kitu." Alitaka akae naye mpaka Mungu atakapomwita. Hakuna jambo alilolitaka zaidi ya hilo.

Sasa, kuna kitu alichokisahau, na hakupaswa kukisahau, maana utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea kuni za maji ya kuoga. Mama yake hamsalimii mtu kabla ya kuoga. Ndivyo alivyolelewa: jogoo akiwika anaoga, ndipo anafungua kinywa. Na maji ya jua, usiku wa Julai ukishayapitia, alfajiri huwa baridi kama chuma.

Kabemba alikuwa akiondoka na basi la kazi kabla hakujakucha. Kikohozi cha mama alikisikia jioni tu, akakilaumu vumbi la malori.

Asubuhi moja alisahau kadi yake ya kazi, akarudi mbio. Uani alisikia maji yakimwagwa bafuni, kisha mtu akikatika pumzi, kisha kikohozi kirefu. Simone alikuwa amesimama nje ya mlango, kitenge mkononi, analia.

"Nani iko ndani?"

"Mama yako. Kila siku iko anaoga bile, maji ya baridi. Nilitaka kumupashia maji na moto ya makala, akakatala. Akasema makala ni ya kupikia batoto bukari. Akanikataza kukuambia."

Kabemba aliona aibu. Alichomoa waya kwenye mkoba, akawasha resho, akabandika sufuria. Kabla maji hayajapata moto, mama akatoka, midomo imepauka.

"Jambo, tata," alimsalimu mwanawe, akimwita baba kama desturi yao.

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Ulisema courant ya resho iko bei. Nikaona mutoto wangu iko anateseka. Nikuongezee muzigo tena?" Akakohoa. "Nitarudia Musumba, tata. Kule pia baridi iko, lakini kuni iko, na haiombi makuta, ni ya bure."

Kabemba alimbembeleza wiki nzima abaki. Resho liliwaka asubuhi na jioni. Mama alioga maji ya moto, akashukuru, akaendelea kufunga mizigo. Aliamini kwamba anamfilisi mwanawe. Kabemba alijuta kila neno alilowahi kusema juu ya umeme mezani pale, lakini neno likitoka halirudi, na imani ile ni yeye aliyeipanda.

Siku ya safari alishusha kopo la maziwa ya unga. Mshahara ulikuwa umekwisha kwa dawa za kikohozi, hakuwa na pesa nyingine. Akahesabu nauli ya gari la Kapanga, lile linalofika Musumba. Akiba ya umeme ilitosha kabisa.